MOLI SI FUKO: KEMIA NAYO TUIZUNGUMZE KWA KISWAHILI

Huenda ukashangaa kuona makala ya kemia katika jarida la Chama cha Kiswahili. Hapa tumezoea mashairi, ngonjera, vitendawili na zile insha za "Ajali Niliyoishuhudia". Mambo ya ioni na moli si yangepelekwa kule kwa wenzetu wa sayansi? La, hasha! Nasema hapa ndipo mahali pake, na sababu zangu nitazitoa bila kupiga chuku.

Dai langu ni hili. Katika mada ya kutaja ioni, kusawazisha milinganyo na kutafuta fomula, kinachowaangusha wengi wetu si hesabu. Ni lugha. Na maadamu ni lugha, basi dawa tunayo wenyewe: tuijadili mada hiyo kwa Kiswahili mpaka ituingie, kisha majibu tuyaandike kwa Kiingereza jinsi mtihani unavyotaka.

Hebu zitazame hesabu zenyewe. Ni kuzidisha, kugawanya na uwiano, basi. Hakuna hata moja ambayo hatukuifanya katika shule ya msingi. Mwanafunzi yule yule anayemsaidia mamake kuuza nyanya sokoni, akarudisha chenji ya noti ya elfu bila hata kutumia kalamu, ndiye huyo huyo anayekaa kidato cha tatu akiambiwa agawanye 10 kwa 100, naye anaduwaa kama aliyeona jini. Kwani ubongo wake uliachwa sokoni? Sivyo. Swali limemfikia likiwa limevaa nguo asizozitambua.

Chukua neno lenyewe la mada, "mole". Mwanafunzi mwenye bidii akifungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili atakutana na fuko, yule mnyama anayefukua mashamba na kutuachia vichuguu. Atajiuliza, fuko anatafuta nini ndani ya maji na chumvi? Wengine hucheka wakasahau, lakini wako ambao picha ya fuko haiwatoki. Na hakuna anayethubutu kuinua mkono kuuliza, kwa sababu kuuliza kwenyewe lazima kuwe kwa Kiingereza. Moli si fuko, jamani. Moli ni jina la hesabu, kama vile dazani. Neno hili lilitokana na "molekuli", na aliyelitumia mwishoni mwa karne ya 19 ni Wilhelm Ostwald, mwanakemia aliyefanya kazi Ujerumani. Dazani ni vitu 12. Moli ni vitu 6.022 × 10²³. Tangu tarehe 20 Mei 2019 wanasayansi wa dunia nzima wanaitumia namba hiyo kwa ukamilifu wake, yaani 6.02214076 × 10²³, wala haiongezwi wala haipunguzwi.

Hapa nataka kubishana kidogo na baadhi ya wenzangu. Wapo wanaosema moli ni kama gorogoro. Mfano huo unapendwa sana katika makundi yetu ya majadiliano, nami siukubali, ingawa nusu yake ina ukweli. Gorogoro hupima nafasi. Gorogoro ya mahindi na gorogoro ya wimbi ni mkebe ule ule, lakini nani atasema punje zake ni sawa kwa idadi? Wimbi ni nyingi mno. Moli haipimi nafasi, huhesabu. Kwa hiyo mfano wake ni dazani: dazani ya mayai unaibeba kwa mkono mmoja, dazani ya matikiti maji inahitaji mkokoteni, ila zote ni 12. Vivyo hivyo moli ya kaboni ina gramu 12, moli ya maji gramu 18, na moli ya risasi gramu 207, na idadi ya chembe ni moja.

Nusu ya ukweli iko wapi? Iko kwenye gesi. Mwaka 1811 Mwitalia Amedeo Avogadro alisema kwamba gesi mbili zikiwa na ujazo sawa, joto sawa na shinikizo sawa, basi molekuli zake ni sawa kwa idadi, hata gesi hizo ziwe tofauti namna gani. Katika joto la kawaida la darasani, moli moja ya gesi yoyote huchukua takriban lita 24. Hidrojeni ya lita hizo ina gramu 2 tu, kaboni dayoksaidi ina gramu 44. Ni kana kwamba uende sokoni ukute gorogoro ya mahindi na gorogoro ya wimbi zina punje sawasawa! Ajabu hiyo yatokana na kwamba molekuli za gesi zimekaa mbalimbali sana, hata ukubwa wa kila moja hauna maana. Sasa niambie, msomaji, je, jambo hili limekuwa gumu kwa kuwa limeelezwa kwa Kiswahili? Mimi naona limekuwa tamu.

Tuje kwenye majina ya ioni. Huku ndiko wanachama wa Kiswahili tulikopaswa kuwa mabingwa, lakini tunakariri kama kasuku. Tumefundishwa mnyambuliko wa vitenzi tangu zamani. Tunajua kwamba piga, pigwa, pigia na pigana zina mzizi mmoja, na kwamba ule mwisho ndio unaotueleza nani kafanya nini na nani kafanyiwa. Majina ya ioni yamejengwa vivyo hivyo. Mzizi ni elementi, mwisho ni habari.

Ukisikia -aidi, jua elementi iko peke yake bila oksijeni: kloraidi ni Cl⁻, salfaidi ni S²⁻, naitraidi ni N³⁻. Ukisikia -eti, jua oksijeni imo: salfeti ni SO₄²⁻, naitreti ni NO₃⁻, kaboneti ni CO₃²⁻. Na ukisikia -aiti, jua oksijeni imo lakini ni pungufu kuliko ile ya -eti: salfaiti ni SO₃²⁻, naitraiti ni NO₂⁻. Basi. Kama ilivyo katika sarufi, mna wakaidi wachache. Haidroksaidi, OH⁻, ina mwisho wa -aidi na oksijeni anayo, na amoniamu, NH₄⁺, ina chaji chanya ingawa hakuna metali ndani yake. Hao unawajua kwa sura, kama unavyojua kwamba kiboko na kifaru huanza kwa ki- lakini upatanisho wao ni wa a-wa.

Jambo moja lazima lisemwe waziwazi maana linapoteza wengi. Ule mwisho hausemi oksijeni ni ngapi. Husema tu ni nyingi au chache ukilinganisha na ndugu yake. Salfeti ina nne, naitreti ina tatu, na zote ni -eti. Idadi yenyewe huna budi kuijua. Orodha ya ioni tunazokutana nazo mara kwa mara haizidi ishirini hivi. Mtu aliyeshika ngeli zote na upatanisho wake atashindwaje na ioni ishirini?

Ile namba ya Kirumi nayo ina hadithi yake. Chuma (II) kloraidi ni FeCl₂, chuma (III) kloraidi ni FeCl₃. Namba hiyo haihesabu atomu za chuma, inataja chaji. Wengi huisoma "chuma mbili", wakaandika Fe₂, na alama zikaenda. Laiti tungeizoea kuisoma kwa lugha yetu, "chuma mwenye chaji mbili", kosa hilo lingekwisha siku moja. Na kuhusu zile chaji zenyewe, mimi huona ni deni na malipo. Ioni ya alumini inadai tatu, Al³⁺. Ioni ya salfeti inalipa mbili, SO₄²⁻. Ili pasibaki deni, alumini wawili wanadai sita, na salfeti tatu zinalipa sita. Ndiyo maana fomula ni Al₂(SO₄)₃, na yale mabano yamewekwa ili ijulikane kuwa salfeti nzima ndiyo iliyozidishwa kwa tatu, si oksijeni peke yake.

Kuna watakaoniambia, "Wewe unatuchezea. Kiswahili hakina maneno ya sayansi." Naomba niwajibu kwa historia.

Kabla ya mwaka 1787 lugha za Ulaya zenyewe zilikuwa shaghalabaghala katika kemia. Kulikuwa na vitu vilivyoitwa siagi ya antimoni, ambayo haipakwi mkate, na maua ya zinki, ambayo hayanukii. Mwaka huo, jijini Paris, Wafaransa wanne, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walichapisha kitabu cha namna ya kuvipa vitu majina. Ile miisho ya -eti, -aiti na wenzake inaanzia hapo. Yaani waliketi chini wakaunda lugha! Huyu Lavoisier miaka miwili baadaye, mwaka 1789, alitoa kitabu chake kikuu cha kemia, na katika utangulizi alieleza kwamba nia yake ya kwanza ilikuwa kurekebisha lugha tu, na kazi hiyo ya lugha ndiyo iliyogeuka polepole ikawa kitabu cha kemia. (Masikini, mwaka 1794 alikatwa kichwa katika yale Mapinduzi ya Ufaransa, lakini si kwa sababu ya kemia, alikuwa miongoni mwa waliokusanya kodi ya mfalme.) Kama baba wa kemia alianzia kwenye lugha, ni nani anayetuambia sisi wa Chama cha Kiswahili kwamba kemia haituhusu?

Wajerumani nao mpaka leo oksijeni wanaiita kwa neno lao lenye maana ya kitu cha uchachu. Hawajapungukiwa na wanakemia hata kidogo.

Na nani kasema Kiswahili hakina maneno? Fungua kamusi. Utapata mrututu, ule unga wa buluu ambao maabarani tunauita shaba (II) salfeti. Utapata shura, ambayo ni potasiamu naitreti. Utapata shabu, zebaki, risasi, bati, kiberiti, chokaa. Wazee wa pwani wamechoma matumbawe kupata chokaa tangu zamani za kale, na kila gramu 100 za kalsiamu kaboneti zilizoungua kabisa ziliwaachia gramu 56 za chokaa huku gramu 44 zikipaa kama kaboni dayoksaidi. Mlinganyo walikuwa nao kwenye tanuu hata kama hawakuuandika. Isitoshe, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Maneno yametungwa muda mrefu kabla sijazaliwa. Kinachokosekana ni midomo ya kuyatamka.

Sasa nataka tufanye hesabu moja, ili nisije nikaonekana ni hodari wa maneno matupu. Kila mtu hapa anayajua magadi, haya ambayo mama zetu hutia kwenye maharagwe na mboga za kienyeji ziive laini. Yanatoka Ziwa Magadi, katika Kaunti ya Kajiado, ambako chemchemi za maji moto huleta chumvichumvi mchana na usiku, jua likakausha, na tabaka gumu likabaki. Jiwe hilo lina fomula Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Likichomwa kiwandani, hutoa sodiamu kaboneti safi ambayo hutumika kutengeneza vioo na sabuni. Mlinganyo wake ni huu:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O

Usiogope urefu. Uzito wa moli moja ya magadi ghafi ni gramu 226, na mlinganyo unataka mbili, basi ni 452. Upande wa pili sodiamu kaboneti ni 106 mara tatu, yaani 318. Kaboni dayoksaidi ni 44. Maji ni 18 mara tano, yaani 90. Jumlisha 318, 44 na 90. Unapata 452. Hakuna kilichopotea, hata punje. Kwa hiyo tani 452 za magadi ghafi yaliyo safi hutoa tani 318 za bidhaa, na tani 134 zilizobaki ni mvuke na gesi. Mwenye lori hapaswi kushangaa kwamba mzigo umepungua. Hiyo ndiyo ile mada inayoitwa ngumu, nasi tumeimaliza kwa vitu vya jikoni.

Kuna na lile neno jingine linalowaua watu, "excess". Swali hukwambia gramu 10 za kalsiamu kaboneti zilitiwa katika asidi ya hidrokloriki iliyozidi, utafute ujazo wa gesi. Asiyelielewa neno hilo huanza kuhangaika, "Mbona asidi hawakutupa kiasi chake?" Kumbe neno lenyewe ndilo jawabu: asidi ni tele, iache, hesabu kaboneti. Gramu 10 ni moli 0.1, gesi ni moli 0.1, kwa hiyo lita 2.4. Na kama vitu viwili vyote vimepimwa, nenda kwa mafundi wa jua kali uwaulize: wana fremu 3 za pikipiki na magurudumu 10, wataunda pikipiki ngapi? Watakujibu tatu, na magurudumu manne yatabaki. Fremu ndizo zilizoisha kwanza, ndizo zilizoamua. Kemia haina lingine.

Fomula nazo nitazipitia kwa haraka. Uwiano si idadi. Formalini inayotumiwa kuhifadhi maiti imetengenezwa kwa kitu chenye uwiano CH₂O. Asidi iliyomo katika siki ina uwiano huo huo. Glukosi nayo vilevile. Ila molekuli ya kwanza ina uzito wa 30, ya pili 60, ya tatu 180, na fomula zake kamili ni CH₂O, C₂H₄O₂ na C₆H₁₂O₆. Mwenye kujua uwiano pekee hawezi kukuambia kama anakunywa glukosi ama dawa ya maiti! Lazima auulize uzito wa molekuli.

Nimefika sasa kwenye jambo linaloniuma zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Elimu hii ikibaki kwa Kiingereza, haifiki nyumbani. Sisi wa shule ya kutwa tunarudi kwetu kila jioni, kwa hiyo tuna nafasi ambayo wenzetu wa bweni hawana, nasi tunaipoteza. Baba anapotaka kununua mbolea anakuta gunia la yurea limeandikwa 46 na gunia la CAN limeandikwa 26. Anatazama bei, anachukua lililo rahisi. Yule mwanawe wa kidato cha tatu amekaa pale na fomula ya yurea, CO(NH₂)₂, anaijua: uzito wake 60, naitrojeni yake 28, na 28 kwa 60 ni karibu asilimia 46.7, ndiyo hiyo 46 ya gunia. Kilo 50 za yurea zina kilo 23 za naitrojeni. Kilo 50 za CAN zina kilo 13. Sisemi yurea ndiyo bora kwa kila shamba, maana udongo nao una mambo yake. Nasema mzee ana haki ya kujua anachonunua kwa pesa zake, na mwanawe hana maneno ya kumwambia.

Pili, jiko la makaa. Kila inapofika miezi ya baridi, Juni na Julai, tunasikia habari za watu waliolala na jiko ndani ya nyumba iliyofungwa wasiamke. Ukiuliza, utaambiwa ni "moshi". Lakini moshi unaonekana na kunukia, na anayeua hapa haonekani wala hanuki. Ni kaboni monoksaidi. Tofauti yake na kaboni dayoksaidi ni atomu moja ya oksijeni, silabi chache tu za jina. Gramu 12 za kaboni zikipata oksijeni gramu 32 hutoa CO₂. Zikipata gramu 16 tu, hutoa CO. Mlango na dirisha vikifungwa, oksijeni ndiyo ile fremu ya pikipiki, inapungua kwanza, na jiko linaanza kutoa muuaji. Naye akiingia kwenye damu hung'ang'ania mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200. Swali la mono na dayo tumelipata mara ngapi katika mitihani? Mara nyingi. Wangapi wamelieleza nyumbani kwao kabla ya kulala? Hapo nanyamaza.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito, nami sitaikwepa. Wanasema KCSE ya kemia ni ya Kiingereza, na anayejizoesha Kiswahili atakwama kwenye karatasi. Ni kweli mtihani ni wa Kiingereza, wala sitaki wanafunzi wenzangu waangushwe kwa ajili ya maoni yangu. Lakini tazama karatasi yenyewe. Alama nyingi ziko kwenye fomula, milinganyo na hesabu, na hizo hazina Kiingereza wala Kiswahili. NaCl ni NaCl Mombasa, Beijing na Berlin. Sentensi za Kiingereza za kuandika ni chache, na aliyeelewa ataziandika. Asiyeelewa, hata ukimpa Kiingereza cha malkia, ataandika nini? Tena mahali pengine Kiswahili ni wazi zaidi. Kiingereza kina neno moja, "solution", kwa jawabu la hesabu na kwa chumvi iliyoyeyuka majini. Sisi tuna jawabu, na tuna myeyusho. Nani hapo mwenye umaskini wa maneno?

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ajabu ni kwamba bado ziko shule ambamo mwanafunzi akisikika akieleza jambo kwa Kiswahili siku isiyo ya Kiswahili huvishwa kibao shingoni kama mwizi wa kuku. Hata kama alikuwa anamweleza mwenzake maana ya moli! Waama, kibao hicho hakijawahi kumfundisha mtu Kiingereza. Kimefundisha watu kunyamaza.

Ninachoomba si kikubwa. Chama chetu kishirikiane na wenzetu wa sayansi. Kila wiki tubandike kwenye ubao wa matangazo maneno matano ya kemia kwa Kiswahili, pamoja na fomula zake. Makundi ya majadiliano ya saa za mchana yaruhusiwe kubishana kwa lugha yoyote wanayoielewa, mradi jibu la mwisho liandikwe kwa Kiingereza. Na walimu wetu wapendwa, wa kemia na wa Kiswahili, tunawaomba waketi pamoja hata mara moja kwa muhula watusahihishie maneno tunayoyabuni, maana tusipoangaliwa tutaita kila kitu "dawa".

Ili tuanze mara moja, naacha swali hapa. Shabu, ile ambayo watu husafishia maji yaliyo matope na vinyozi hupaka mahali palipokatika, ina fomula KAl(SO₄)₂·12H₂O. Taja ioni zake tatu kwa Kiswahili na chaji ya kila moja. Tafuta uzito wa moli moja. Halafu utuambie, katika kipande cha gramu 100 ulichonunua dukani, gramu ngapi ni maji ambayo umeyalipia. Majawabu yapelekwe kwa katibu wa chama kabla ya Ijumaa, kwa Kiswahili, na hesabu zote zionekane.